Mwaka Ambao Miti Ilikonda

Miti sitini na mmoja ilikuwa imekonda. Daktari, mtafiti kijana aliyesimamia kituo, aligeuza kompyuta ili Bwana Tepu ajisomee mwenyewe.

"Mzee, mashamba kumi na moja miti yake imenenepa. Hili moja, milimita mbili, milimita tatu, mti baada ya mti, imepungua."

"Labda ukame."

"Ukame gani unaopiga shamba moja na kuliruka la jirani?"

Bwana Tepu alisogea karibu na kioo, akazisoma namba upya. Jina hilo alipewa na wakulima wa mlimani, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa hawakumwona bila tepu ya kitambaa shingoni, kama fundi cherehani aliyepotea njia. Kituo kilimwajiri kuchimba mashimo ya miche. Mtafiti wa wakati ule alipoona mwandiko wake ulivyonyooka alimtoa kwenye jembe akampa daftari. Tangu hapo, kila mwaka mwezi ule ule, alizunguka mashamba kumi na mawili yenye miti katikati ya mahindi na maharage, akapima unene wa kila shina, ili kituo kijue mkulima anayechanganya miti na mazao anapata nini na anapoteza nini. Kazi hiyo ilimsomeshea watoto watatu. Hakuwahi kuisema vibaya, hata siku za mvua.

Shina hupimwa kwenye kimo kimoja tu, mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini. Ukipanda juu yake unakuta wembamba, ukishuka unakuta unene. Kwa hiyo katika mashamba kumi na moja kila mti ulipakwa kistari cheupe, na tepu ilizungushwa hapo hapo. Shamba la kumi na mbili lilikuwa la mjane mmoja, juu kabisa. Miti ile aliipanda marehemu mumewe kwa mikono yake, na mjane alikataa rangi tangu siku ya kwanza. "Miti yangu si magari ya serikali," alisema.

Ndiyo hiyo iliyokonda.

Bwana Tepu aliyajua yaliyokuwa yakisemwa koridoni. Kupanda hadi kwa mjane ni saa nzima, naye alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu. Mzee kachoka, walisema, kakaa kwake barazani kaandika namba za kichwani. Ikiwa ni kweli, vipimo vyote vya shamba lile vingefutwa, kwa maana nani angejua uongo ulianza mwaka gani? Na yeye angetoka kituoni akiwa mwongo.

"Sijasema umebuni," Daktari alisema, kana kwamba naye aliwasikia. "Nimesema sielewi. Kesho twende wote."

Bwana Tepu alikuwa amejiandaa kupokea barua ya kufukuzwa kazi. "Asante," alisema.

Walimkuta mjane mlangoni, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe daktari ndiye wewe? Haya, miti yangu inaumwa nini?"

"Imekonda."

"Imekonda! Mimi nikikonda hakuna anayepanda mlima."

Daktari alicheka, kisha akauliza lililompeleka. "Mama, huyu mzee alikuja kweli kupima mwaka huu?"

"Nani, shemeji?" Alimwita hivyo kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu. "Alikuja siku mbili nzima. Chai yangu alikunywa birika zima. Ila mwaka huu alikuja mrefu."

"Mrefu vipi?"

"Mrefu, mwanangu. Miaka yote anapita mlango huu bila kuinama. Safari hii kajigonga paji la uso, pu! Nikamwambia, shemeji, wenzako wakizeeka wanafupika, wewe ndiyo kwanza unakua?"

Bwana Tepu alitazama miguu yake.

Alikuwa amevaa buti. Binti yake wa mwisho alizinunua kwa mshahara wake wa kwanza, soli nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, na haziingizi maji. Njia ya kwenda kwa mjane hukatwa na kijito. Miaka yote alivua viatu pale, akaviacha chini ya jiwe, akapanda na kupima miguu mitupu. Mwaka huu alikata maji kwa buti zake na kuendelea, tena kwa maringo.

"Daktari," alisema, "kosa ni langu."

Akaeleza bila kujitetea. Siku ya kwanza ya kupima, yule mtafiti wa zamani alimsimamisha kando ya fimbo ya kupimia, na ile mita moja na sentimita thelathini ikamgusa penye chembe cha moyo. "Wewe umezaliwa na rula yako," mtafiti alimtania. Fimbo ilitakiwa ibebwe kila safari. Lakini kwingine kulikuwa na rangi, na hapa kulikuwa na kifua chake, basi fimbo akaiacha stoo. Buti zilikuwa zimemwinua, na tepu ikapanda pamoja naye.

"Vua," Daktari alisema.

Walianza na mti wa kwanza. Kwa buti, namba ilikuwa ile ile ya daftari. Kwa miguu mitupu, shina lilizidi hata la mwaka jana. Wakaenda wa pili, wa tatu. Hadi saa tisa mchana walikuwa wamerudia yote sitini na mmoja, mzee akivaa na kuvua, mjane akiwafuata na kiti chake ili apate pa kukalia. Hakuna mti hata mmoja uliokonda. Daktari aliandika kwamba kosa ni la mwaka mmoja, sababu imejulikana, na vipimo vya miaka kumi na minane iliyotangulia vibaki. Akampa mzee kalamu atie sahihi.

Mjane alikuwa akiwaza lake. "Shemeji, ukistaafu watamleta nani?"

"Kijana mwingine."

"Akiwa mfupi je? Haya, pakeni hiyo rangi. Lakini kistari kidogo, na kiwe upande wa bondeni, nisikione."

Kesho yake walirudi na kopo. Fimbo ilikuja pia, na ilipowekwa kando ya mzee ilimgusa penye chembe cha moyo, kama siku ya kwanza. Akasimama miguu mitupu kwenye kila mti, na Daktari akapaka pale ambapo kifua chake kiligusa gome.

"Asante," mzee alimwambia walipokuwa wakishuka.

"Ya nini sasa?"

"Ungeweza kuandika barua tu."

Kijitoni Daktari aliinama kufungua kamba za viatu vyake. Bwana Tepu alimpokea kopo la rangi, akakata maji na buti za binti yake, akafika ng'ambo miguu mikavu.