Wiki Aliyonyamaza Mama Sifa

Mama Sifa alijua fika kwamba jina hilo wenzake hawakumpa kwa mapenzi, lakini alilipokea kama zawadi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, thelathini kati yake akiwa fundi cherehani, na hakuna aliyebisha kwamba mkasi wake ulikuwa na akili. Mteja akiingia mlangoni, yeye humtazama mara moja na kutaja kiuno, mabega na urefu wa mkono. Futi ya kupimia ikipitishwa baadaye, inakuja kukubali tu.

Tatizo lilikuwa mdomo. "Hebu tazameni bega hilo," husema akitundika koti. "Tafuteni mkunjo mpaka macho yaume. Mikono hii ingekuwa ya mtu mwingine, ningemwonea wivu."

Kwa hiyo mkataji mkuu alipostaafu, na meza kubwa ya kukatia iliyo karibu na dirisha ikabaki bila mtu, wenzake wanne walimwendea bibi mwenye duka. Msemaji wao alikuwa fundi suruali, mwanamume mpole asiyependa makuu.

"Kukata anajua, Mama, hatubishi. Lakini akiwa juu yetu hatutapumua. Hivi sasa tu tunashona masikio yamechoka kuliko mikono."

Mwenye duka akamwita Mama Sifa. "Meza ni yako, mdogo wangu, kwa sharti moja. Leo Jumatatu hadi Jumamosi jioni nisisikie umejisifu. Hata neno moja."

Meza ile Mama Sifa aliitamani kwa miaka kumi na tisa. Kwenye kona yake chini ya ngazi hulazimika kukunja kitambaa mara tatu ndipo kienee. Alikubali.

Jumanne alimaliza suti ya mteja ambaye bega lake moja limeshuka. Ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Mama Sifa aliuma pini zake, akageukia ukuta. Alipofika nyumbani alimsimulia mumewe suti hiyo kwa saa nzima, hadi mume akaweka kijiko chini.

"Mke wangu, siku zote huwa unaniletea ukoko. Leo umeleta sufuria nzima."

Kufikia Alhamisi chumba kilikuwa kimya, zinasikika cherehani tu. Fundi suruali hakuizoea hali ile.

"Dada, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi sema kitu."

"Jumamosi."

Jumamosi saa tisa alasiri alikuja bibi harusi na shangazi yake kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Harusi ilikuwa kesho yake. Mama Sifa alimzunguka, akachomoa pini moja, akarudi nyuma hatua mbili. Kimya.

Binti akaanza kutetemeka midomo. "Limeharibika, sivyo?"

"Ni zuri, mwanangu," shangazi akasema.

"Wewe ni shangazi yangu, utasemaje?"

"Zuri sana," fundi suruali akaongeza.

"Na wewe unafanya kazi hapa! Binamu yangu aliniambia, nguo ikimpendeza fundi huyu, hanyamazi hata umzibe mdomo. Mbona mimi haniambii kitu?" Machozi yakamtoka.

Mama Sifa alitazama meza iliyo dirishani. Akamtazama mwenye duka. Kisha akatoa pini mdomoni.

"Njoo kwenye kioo. Futa machozi, usiniloweshee kola. Unaona mgongo huu? Hauna mshono katikati. Mji mzima tuko watatu tunaoweza kuukata hivi. Wawili nimewafundisha mimi, na wa tatu ni mimi."

Binti akacheka huku kamasi zinamtoka.

Maneno ya siku tano yakamwagika. Kiuno. Mikono. Kola. Akafika chini, akapiga magoti, akainua pindo. "Na hapa? Mita sita, uzi hauonekani hata kwa miwani. Hili kalishona huyu fundi suruali. Mimi nisingeliweza, na nisivyoweza ni vichache."

Fundi suruali akainamia kazi yake, shingo imeiva kwa haya.

Bibi harusi aliondoka akijitazama kwenye kila kioo cha dirisha. Mwenye duka akafumbata mikono. "Sharti umelivunja."

"Najua, Mama. Mtoto alikuwa analia."

Mafundi walitazamana. Fundi suruali akakohoa.

"Mama, sisi tuliolalamika ndio tunaomba sharti liondolewe. Meza apewe." Akasitasita. "Ila lile la pindo alirudie. Wengine humu, na cherehani zilivyokuwa zinalia, hawakusikia vizuri."