Tulipopalilia Majani ya Chemchemi

Miaka ile ya themanini tulizika sana. Waliokuwa wakienda ni watu wa rika langu, wake kwa waume, na nyumba nyingine zikabaki na bibi na wajukuu tu.

Kwetu marehemu halazwi chini hivi hivi. Anatandikiwa kwanza majani laini yenye shina jekundu, halafu mkeka, halafu ndiyo shuka. Tuliyaita majani ya chemchemi. Bonde letu lile la mafunjo ni kubwa, linakwenda mpaka macho yanachoka, lakini majani hayo hayakuota popote ila kwenye chemchemi moja, mahali pa ukubwa wa nyumba mbili hivi. Kwa misiba ile yakaanza kuisha.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeyasimamia. Aliweka sheria kwamba kila marehemu akatiwe konzi moja tu, basi. Wakati huo mwenyewe alikuwa mgonjwa, tumbo limevimba, miguu haimbebi vizuri.

"Mnanitazama hivyo kwa nini?" alituambia. "Siogopi kufa. Naogopa nife yamekwisha. Mkinilaza kwenye mkeka mtupu nitaamka niwachape."

Tulicheka, lakini mimi nilijua hatanii.

Ndipo wakaja watu wa kupima udongo. Walikuja na gari, mabomba ya chuma na mashine ya miguu mitatu ya kutobolea ardhi. Ilisemekana barabara itakatiza bonde, kwa hiyo lazima wajue huko chini kuna nini. Mama mkwe akasema nimshushe. Alinishika bega mpaka bondeni, tukipumzika kila mara.

Mtaalamu wao alikuwa mtu mzima, mpole. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Hilo lichuma lenu litatoboa wapi?"

"Sehemu nyingi, mama. Tunafuata bonde."

"Hapa usitoboe. Haya ndiyo matandiko ya wafu wetu. Hayapo mahali pengine."

Aliinama akayatazama, akavunja jani moja akalinusa. Hakutudharau. "Basi wekeni alama yenu hapa," akasema. "Vijana wangu hawatapagusa. Mimi nakwenda mjini kufuata mafuta ya mashine, lakini nitawaambia."

Tulirudi tumefurahi. Mimi nilikuwa nasoma kisomo cha watu wazima jioni, kwenye banda la kanisa, nikasema niandike kibao.

"Kibao ni cha duka," mama mkwe akasema. "Unataka waje waulize bei? Pasafisheni. Mahali penye mwenyewe panajulikana."

Wote tulimkubalia, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Kibanja cha migomba kilichopaliliwa na kutandazwa nyasi kina mwenyewe, hata mlevi akipita usiku anakizunguka. Tukateremka na mapanga na majembe. Tulifyeka mafunjo pande zote, tukatandaza nyasi kavu kama chini ya migomba, tena nene, usione hata tope. Majani yetu yakabaki katikati, yamesimama, yanapendeza. Tuliimba wimbo wa Bikira Maria tukaenda zetu.

Halafu jirani yetu akafiwa na binti. Nikatumwa mimi na mwenzangu tukakate konzi moja. Tukiwa bado kwenye mteremko tukasikia mashine inagonga.

Ilikuwa imesimama pale pale, miguu yake mitatu juu ya nyasi zetu. Majani yalikuwa yamelala kwenye tope la kijivu, yamekanyagwa, na bomba limeshuka kwenye jicho la chemchemi. Vibarua walipotuona wakainua kofia.

"Asanteni sana, kina mama!" mmoja akapaza sauti. "Mmetusafishia vizuri. Bonde zima tunazama mpaka magotini, kumbe mmetuandalia sebule!"

Mwenzangu alikaa chini akalia. Yule kibarua akashangaa, akatuuliza kama tumefiwa. Tukasema ndiyo.

Mtaalamu aliporudi aliwafokea, kisha akaja nyumbani kuomba radhi. Alisema aliwaambia wasiguse penye alama, nao hawakuona alama. Mama mkwe alimsikiliza, akaagiza apewe uji. Hakumlaumu mtu.

Nilichimbua mizizi iliyobaki nikaipanda nyuma ya jikoni, mahali tunapomwaga maji. Nilisali rozari juu yake asubuhi na jioni. Kule bondeni maji ya chemchemi yalipungua, mafunjo yakarudi yakafunika. Barabara haijapita mpaka leo.

Mama mkwe alipokuwa hawezi tena kugeuka kitandani aliniuliza, "Yamechipua?"

Nilikuwa nimetoka kuyatazama. Nilipovuta, shina lilitoka lenyewe, limeoza.

"Hapana, mama."



"Basi nitandikie majani ya mgomba," akasema. "Hayo nimeyalimia toka niolewe. Ila uyababue kidogo motoni yalainike, usinichome mgongo."

Alipofariki niliyakata mwenyewe, yale mapana ya mgomba wa mlangoni. Niliyapitisha motoni moja moja mpaka yakalegea, nikayatandika. Wanawake walipofika kumwosha, waliyatazama, wakanitazama mimi, kisha wakaleta mkeka. Tukamlaza.