Albamu Isiyo na Gitaa

Njiru alimpigia gitaa Cicily Ruguru tangu wote wawili wakiwa vijana. Njiru alikuwa mtu wa Siakago, kule chini Embu kwenye joto na ndengu. Ruguru alikuwa wa Githongo, juu kwenye kahawa na ukungu. Mmoja alisema Kimbeere, mwingine Kimeru, kwa hiyo wao wawili walizungumza Kiswahili. Harusi za Imenti, kule Meru, zilikuwa haziishi bila nyimbo za Ruguru, na karibu kila wimbo ulianza na gitaa la Njiru. Watu wakilisikia tu, waliacha sahani zao na kuinuka.

Mpiga dramu wao alikuwa Kiunga, mtoto wa pekee wa Ruguru. Alikulia katikati ya spika na nyaya, akilala juu ya makoti ya wanamuziki, hadi siku alipokamata vijiti mwenyewe na mama yake akaacha kutafuta mpiga dramu mwingine.

Kiunga alikufa Mitunguu, mchana, kwenye sherehe ya watu waliomjua. Manyunyu yalikuwa yameanza na watu hawakutaka muziki usimame. Maikrofoni ya Ruguru ilikuwa ikikatika, Kiunga akatoka kwenye dramu kwenda kutengeneza waya. Alipoushika alitetemeka, mabega yakarukaruka, na umati ukampigia makofi ukidhani anacheza. Njiru ndiye aliyekuwa karibu naye. Aliendelea kupiga kidogo, kabla hajaelewa kwamba ni umeme.

Baada ya mazishi bendi ilinyamaza. Njiru alirudi shambani. Hakujua hata amwiteje Ruguru kwenye simu, maana miaka yote alimwita Mama Kiunga. Mara ya kwanza alipojaribu kumwita Madam, Ruguru alimkatiza, naye akimwita kwa jina la bintiye.

"Baba Kawira, hata wewe? Niite vile umekuwa ukiniita. Jina hilo nalo likiniacha, nitabaki na nini?"

Mwaka ulipogeuka, Ruguru alimpigia akisema anataka kurekodi albamu. Njiru alifunga nyuzi mpya kwenye gitaa, akamwambia mkewe Tabby kwamba kazi imerudi, na kesho yake akapanda Githongo. Ruguru alimkaribisha chai, akaliangalia lile gitaa lililoegemezwa ukutani.

"Hii albamu haina gitaa," alisema.

Njiru alifikiri amesikia vibaya. "Ina nini sasa?"

"Sauti yangu. Basi."

"Mama Kiunga, watu watacheza nini?"

"Sitaki wacheze."

Njiru akaweka kikombe chini. Alitaka kuuliza amekosea wapi, lakini Ruguru aliendelea mwenyewe, polepole, akiangalia mikono yake. "Ukichomeka gitaa kwa spika, kabla hujapiga, kuna vile inanguruma. Ile sauti ya stima tu. Hiyo ndiyo nilisikia siku ile wakati nyinyi wote mmenyamaza. Nikiisikia sasa, namwona. Si wewe, Baba Kawira. Si kupiga kwako."

"Sasa umeniitia nini?"

"Uje ukae studio. Nikiwa na wageni watupu sitaweza."

Angeweza kukataa. Njiani kurudi Siakago aliona aibu kubeba lile gitaa, kama mtu aliyeenda kuposa akarudishwa na zawadi zake. Lakini siku ya kurekodi alikwenda, mikono mitupu.

Studio ilikuwa chumba cha ghorofani, karibu na soko la Gakoromone. Fundi wa mitambo, Njura, alikuwa amecheza nyimbo za Ruguru kwenye harusi yake mwenyewe, na hakuficha kwamba hakuelewa mambo haya mapya. Ruguru alivaa visikizi, akaanza. Alianza juu mno, sauti ikapasuka. Akarudia, sasa chini mno, maneno yakazama. Miaka yote gitaa ndilo lililomwonyesha pa kuingilia.

"Nikuwekee kinanda kidogo?" Njura akauliza.

"Hapana."

Kutoka kwenye kona yake, Njiru akavuma kwa mdomo uliofumbwa, noti moja tu. Ruguru akafumba macho, akaishika, akaimba wimbo hadi mwisho. Ulikuwa wimbo wa mama anayekunja nguo za mtu asiyerudi. Basi wakaendelea hivyo, wimbo baada ya wimbo: Njiru akivuma, Ruguru akiingia, na Njura akiukata mvumo ule ili usisikike.

Albamu ilipotoka, mtangazaji mmoja wa redio alimuuliza Ruguru kama ameokoka. Kwenye uzinduzi, katika ukumbi mjini Meru, watu walikuja wamevalia kucheza. Walikaa kwa adabu nyimbo mbili tatu, kisha mtu mmoja akaomba kwa sauti ule wimbo wa zamani wa harusi.

"Huo tuliuzika Mitunguu," Ruguru akamjibu.

Hakusema kwa hasira, lakini viti vilianza kubaki wazi. Njiru, aliyekaa nyuma, aliwaona watu wakitoka kwa kunyata kama wanaotoka kanisani mapema.

Redio hazikuipiga sana. Mahali ilipopata nafasi ni matangani. Walioifungua kwenye simu zao walikuwa waliofiwa, na ikafika hadi Siakago, kwa jirani aliyempoteza dada yake. Tabby aliisikia ng'ambo ya ua, akasimama na ungo wa ndengu mkononi.

"Wewe uko wapi humo ndani?" alimuuliza mumewe.

"Simo," Njiru alisema.

Ruguru hakurekodi tena. Alisema alichokuwa nacho kimekwisha, na hakulia aliposema. Msimu wa kahawa Njiru humtembelea Githongo, wakachuma pamoja, kila mtu mstari wake. Huzungumzia mvua, na Kawira anayesoma Embu, na bei ya mbolea. Mara nyingine Ruguru husimama katikati ya mstari, mkono ndani ya matawi, asichume chochote kwa muda mrefu. Njiru naye husimama mpaka mkono ule uanze kusogea tena.