Sweta la Kijani

Wiki iliyopita, nikipekua lundo la kaunjika sokoni Lumbadzi, ndivyo wanavyoita mitumba huku, mkono wangu uligusa sweta la kijani lenye vifungo vyeupe, la mtoto wa miaka minane. Nililishika muda mrefu hadi muuzaji akaniuliza kama nina mtoto wa saizi hiyo. Sina. Sweta nililitaka mimi. Wivu wa utotoni hauzeeki, rafiki yangu, usidanganywe.

Nilikuwa na miaka hiyo minane tulipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, katikati ya miaka ya tisini, kambi ikiwa bado changa na baridi ya Juni ikitutafuna. Jirani yetu alikuwa msichana wa Kinyarwanda wa rika langu, yatima aliyelelewa na bibi yake. Kila Jumamosi shirika la hisani liliwaita mayatima wakanywe uji wa soya wenye sukari, nami nikabaki nje ya uzio wa matete nikinusa. Kisha wakagawiwa masweta ya kijani, mapya, bado yananukia duka. Yule msichana alilivaa lake hata jua la saa sita, akipita taratibu mbele ya mlango wetu huku jasho likimtiririka, na mimi nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Baba yangu alifia Kindu, kwetu Maniema huko Kongo, lakini orodha ilitaka asiyebakiwa na mzazi hata mmoja. Nilimwonea jirani wivu wa uji, wa sweta na, Mungu anisamehe, wa kile kilichompatia vyote viwili. Kilichoniharibia mimi, nilivyoona, kilikuwa kuwa na mama.

Jumamosi moja nikajipanga foleni pamoja nao. Mwandikishaji alikuwa Mmalawi mpole mwenye miwani, na mkalimani wake mama mmoja wa kwetu Maniema.

"Mama yako iko wapi?" mkalimani akaniuliza.

"Alikufa," nikasema. "Jana."

Hiyo jana ndiyo iliyoniponza. Ningesema zamani, labda ningevaa sweta. Lakini mtu akifa jana, leo kuna msiba, na wanawake wa Maniema hawasubiri kualikwa msibani. Mkalimani aliangusha kalamu, akapiga yowe. Kabla uji haujapoa, walikuwa njiani kuelekea kwetu, kuni kichwani, mikeka kwapani, wakilia. Nami mbele yao nikilia kuliko wote, kwa hofu.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akitwanga sombe, yale majani ya mihogo. Akatoka na mchi mkononi.

"Nani alikufa?"

Wote walinitazama mimi. Mama naye akanitazama, akalitazama sweta la jirani aliyesimama mlangoni kwao, akanirudia mimi. Akaelewa.

"Mukae basi, bamama," akasema. "Mwenye kufa njo huyu anapika. Kuni mulisha kuleta, tutakula."

Walicheka mpaka wakashika mbavu, wakala sombe na ugali. Walipoondoka nilichapwa, na mama alilia huku akinichapa.

Kesho yake jirani alinikuta nyuma ya nyumba.

"Mi pia nililia mama yangu hivyo," akasema. "Wangu hakutoka."

Nilimsikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya sweta lake. Bado nilikuwa nalitaka.

Yule jirani alishahamia nchi ya mbali, na uzio wa matete haupo tena. Mama alifariki mwaka jana, hapa Lilongwe. Wanawake wachache walikuja na mikeka, mmoja tu akiwa na kuni. Wengi walipiga simu. Nilikaa nikiutazama mlango wa nyuma, nikimwonea wivu yule mtoto mwongo wa Dzaleka, ambaye mama yake alitoka na mchi mkononi, akauliza nani alikufa.