Kigelegele cha Tunu

Hapa Mwananyamala, shughuli asiyokuwepo Tunu haichangamki. Ana kigelegele cha kupasua mabati, na akikuambia "inuka, shoga," utainuka hata kama miguu haitaki. Mchana anauza mitumba, jioni anasoma Kiingereza kwa Mwalimu Gregori, maana anatafuta kazi ya mapokezi kwenye hoteli.

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya jirani, taarabu ilifika kwenye ubeti wa kumsema mama mkwe mwenye gubu. Kwetu, anayeinuka kumtunza mwimbaji pesa wakati huo ndiye mwenye ujumbe, na anayechezewa mbele yake ndiye anayesemwa. Raudha, shoga yake Tunu, mpole kupita kiasi, alikuwa ametulia na soda yake. Mama mkwe wake, Bi Najat, alikaa mstari wa mbele.

"Inuka, shoga! Kamtunze! Kwani unamwogopa?" Tunu alimsukuma mgongoni, akampigia kigelegele. Raudha akainuka, akacheza mbele ya mkwewe, ukumbi mzima ukipiga makofi. Haikupita wiki, mumewe akamrudisha kwao Mbezi Luis na begi lake.

Tunu alituambia hayo ni mambo ya ndoa za watu. Uongo mtupu, na mwenyewe alijua.

Juzi Mwalimu Gregori akaandika ubaoni: egg on.

"Cheer on ni kumshangilia mtu, kama mkimbiaji uwanjani," alieleza. "Egg on ni kumchochea mtu afanye upuuzi au jambo la hatari, na mara nyingi mchocheaji mwenyewe yuko pembeni, salama. Tunu, tupe mfano."

Tunu alisimama. Mfano alikuwa nao, tena mzima mzima. Uso ukamwaka kwa aibu, akakaa.

Kesho yake akaenda kwa Bi Najat.

"Shikamoo, mama. Siku ile Raudha hakuinuka kwa akili yake. Mie ndiye niliyemchochea. Naomba arudi kwa mumewe."

"Marahaba. Kigelegele chako nani asiyekijua?" Bi Najat hakumkaribisha kiti. "Mwenzio, kabla hajarudi kwao, alipiga magoti hapohapo uliposimama, akaniomba radhi. Nikamuuliza, nani kakutuma? Akasema hakuna mtu, mama, ni mie mwenyewe."

Tunu, na mdomo wote ule, naye akapiga magoti hapohapo.