Bwawa Nyuma ya Dohani

Kosa langu la kwanza kwenye paa la bibi lilikuwa kupaka saruji mahali palipohitaji bati. Niliipaka vizuri sana. Niliilainisha kwa kijiko cha chai, kwa sababu mwiko ulikuwa mkubwa mno kwa zile pembe, nikasubiri ianze kushika, nikailainisha tena kwa kidole kilicholowa, na mwisho nikaipiga rangi ya paa ili mtu asijue kama fundi alipita. Nikapiga picha, nikaituma kwa ndugu wote. Mvua iliponyesha, maji yakamdondokea bibi miguuni akiwa amejilaza.

Nieleze kwanza habari ya hiyo dohani, maana nyumba nyingi za kwetu milimani hazina. Jiko liko nje, na moshi unatoka unapopenda. Lakini marehemu babu alikuwa mwashi. Ujanani alisaidia kujenga nyumba moja ya misheni iliyokuwa na mahali pa kuotea moto ukutani, akarudi nyumbani akajenga kama hiyo chumbani kwake. Dohani ya matofali inapanda na ukuta, inatoboa paa upande wa mlimani. Bibi ndiye analala humo sasa. Huku juu Upareni, wakati wa baridi, ukungu unaingia mpaka kitandani, na bila ule moto bibi anakohoa hadi kunakucha.

Pale dohani inapotoboa paa panatakiwa mkanda wa bati uliokunjwa kuizunguka, ili maji yasiingie kati ya tofali na paa. Mkanda wa babu ulikuwa umeoza. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kuweka mwingine. Niliona saruji itakuwa safi zaidi.

Mimi ni fundi bati Same mjini. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kutazama video kwenye simu, nikaharibu mabati ya watu wenye subira, mpaka nikajua kukunja gata na kuunga paa. Na hapa niseme ukweli ambao nilichelewa kujiambia: Same ni kukavu. Ukitoka pale ukashuka hadi Makanya, unaweza kufunga paa bovu na mwenye nyumba akakusifia miezi mingi, kwa sababu hakuna mvua ya kukuumbua. Nilikuwa na sifa ya fundi ambaye paa zake hazivuji, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ilikuwa ya jua.

Huku mlimani sikupewa hata wiki ya kujidanganya. Saruji haijongei, lakini bati linajongea. Mchana jua linalitanua, jioni baridi inalirudisha. Ile kazi yangu ya kijiko cha chai ilikuwa na ufa mzunguko mzima, mwembamba kama unywele. Nikauziba kwa silikoni. Maji yakapita. Nikabandua silikoni kwa sababu mstari haukunyooka upande mmoja, jambo ambalo halikuhusiana kabisa na kuvuja, nikaweka nyingine. Maji yakapita tena.

"Mume wangu," bibi aliniambia kwenye simu, maana ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mtoto, "leo umenihamishia kitanda. Kesho nihamie wapi?"

"Bado inavuja, bibi?"

"Haivuji. Inanyesha tu ndani."

Kilichonichosha zaidi ni ushauri. Bibi hakunisema vibaya, ila alieleza habari zangu nje ya kanisa baada ya ibada, na kila aliyekuwepo alikuwa na dawa. Mmoja alisema niyeyushe kandambili kuukuu nimiminie. Mwingine alisema sabuni ya mche. Mzee wa kanisa alinisimamisha njiani, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimeomba kabla ya kupanda juu. Nilikuwa nimeomba. Nilikuwa nimeomba kwa bidii kuliko nilivyopima.

Baba mkubwa, ambaye ndiye mtoto wa kwanza wa bibi na anakaa Same, hakuwa na dawa. Alikuwa na uamuzi. Masika ikianza na paa likiwa bado linavuja, bibi atateremshwa akaishi kwake. Aliwahi kumchukua mara moja. Bibi alikaa chini ya feni siku zote akiwa amefunga kitenge kichwani, hali, halali, akiuliza kila asubuhi kama kuna gari la kupanda. Aliporudi juu alikuwa amepungua mpaka majirani walidhani ameugua. Kwa hiyo niliposikia maneno ya baba mkubwa nilielewa vizuri kilichokuwa mikononi mwangu. Bibi angeweza kupoteza nyumba yake kwa sababu ya kipande cha paa ambacho ningeweza kukifunika kwa shuka.

Nikanunua lami. Sasa nikasema hapa hakuna mchezo. Nikapanda, nikajaza lami nyuma ya dohani, upande ule maji yanakotokea, nikajaza mabonde ya bati kwa saruji mpya yenye mchanga mchache, nikainua kijiukuta kidogo kukinga maji yasifike kwenye tofali, nikapaka lami tena juu yake. Nilishuka suruali ikiwa imeharibika na moyo umetulia. Sikuwahi kuziba kitu namna ile.

Masika ikaingia, na safari hii maji hayakudondoka sehemu moja. Yalidondoka miguuni, yakadondoka mlangoni, yakatambaa juu ya papi, zile mbao zinazoshikilia bati, na kutokea karibu na dirisha, mahali ambapo dohani haikuwa na habari napo.

Baba mkubwa akapanda na gari Ijumaa. Na mimi nilikuwa nimekuja. Tulimkuta bibi amekaa karibu na moto, kanga zake zimefungwa kwenye fundo moja, Biblia iko juu ya fundo.

"Shikamoo mama," alisema baba mkubwa.

"Marahaba. Umekuja na mvua."

"Nimekuja kukuchukua."

"Nimeshajifunga, si unaona? Sijakataa." Akamgeukia baba mkubwa taratibu. "Ila watu wakiniuliza huko chini kwa nini nimehama kwangu, nitawaambia ni bati. Mume alinijengea nyumba, mjukuu akashindwa na bati."

Baba mkubwa aliangalia ukuta. Mimi nilikuwa natembeza beseni kutoka tone hadi tone, kama nilivyofanya mvua zote. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yangu: ikianza kunyesha, nakimbilia ndani kutafuta inapovuja. Sikuwahi hata mara moja kukaa nje kuangalia.

Nje kukawa na kicheko. Mdogo wangu wa kike, ambaye anaishi na bibi na analima tangawizi kwenye mteremko ulio juu ya nyumba, alikuwa anatoka shambani amejifunika kiroba kichwani. Nyumba imechimbiwa kwenye mteremko, hivyo mtu akisimama ukingoni nyuma ya nyumba, paa linakuwa usawa wa macho yake. Alikuwa amesimama hapo, jembe begani.

"Kaka," aliita. "Kaka, njoo uone ulichomjengea bibi."

"Niache."

"Umemjengea ndiva. Njoo, majani yanaelea. Bado samaki."

Ndiva ni bwawa la udongo ambalo kwetu tunakusanyia maji ya mfereji usiku, asubuhi linafunguliwa na kila shamba linapata zamu yake. Nilitoka nikiwa na hasira ya kumjibu. Nikapanda ukingoni, nikasimama karibu naye, nikaona. Nyuma ya dohani kulikuwa na bwawa. Maji yalishuka kutoka kileleni mwa paa kwa kila bonde la bati, yakafika kwenye kijiukuta changu, yakakosa pa kwenda, yakajaa. Yalipojaa yalirudi nyuma na pembeni, yakapita chini ya kila kiungio cha mabati. Majani ya mgrevilea yalikuwa yanazunguka juu yake polepole. Hata ile saruji ya kijiko cha chai ilikuwa imefanya hivyohivyo, kwa udogo. Nilikuwa nimeongeza bwawa kila nilipopanda.

Sisi wote tumekulia kwenye zamu ya maji. Nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuziba: tope, magome ya mgomba, jiwe juu yake, ukandamize kwa mguu. Maji yakitoroka kwenda kwa jirani, jioni unasemwa wewe. Mikono yangu ilijua jambo moja tu kuhusu maji, kwamba mtoto mzuri hayaachi yapite. Na nilikuwa nimepanda na mikono ileile kwenye paa, ambako kazi yote ni kuyaacha yapite.

"Sasa usilie," alisema mdogo wangu. "Fungua."

Nilirudi ndani nikamwambia baba mkubwa nimeona kosa. Alisema nilishaona kosa mara ya kwanza, na ya pili. Nikamwambia nahitaji Jumamosi na mvua moja. Aligeuka akamtazama bibi, na nadhani ndiyo sababu alikubali.

"Mvua moja," alisema. "Likianguka hata tone moja humu ndani, Jumatatu tunashuka. Na wewe hutagusa paa la mtu wa ukoo huu tena."

Asubuhi kulikuwa kukavu. Nilivunja kila kitu. Tindo, nyundo, lami mpaka puani. Nilifungua bati lote lililokuwa nyuma ya dohani hadi kwenye kofia za kileleni. Nilikunja bati jipya lenye mgongo katikati, kama paa dogo lililoegemea dohani, ili maji yakifika yagawanyike, nusu kulia, nusu kushoto. Ukingo wake wa juu niliuingiza chini ya bati la juu. Mbele ya dohani nikafanya kinyume, mkanda ukalala juu ya bati la chini. Kwenye tofali nilichimba mfereji mwembamba, nikaingiza ukingo wa mkanda humo ndani badala ya kuubandika juu.

Lilikuwa baya. Mkunjo mmoja ulipinda, alama za nyundo zilionekana kila mahali, na kipande cha kushoto kilikuwa cha rangi nyingine kwa sababu bati lilinipungukia. Nilitaka kulifungua nianze upya. Nilishika kabisa nyundo. Mdogo wangu alikuwa amesimama ukingoni na ndoo, akarusha maji hadi kileleni, yakashuka, yakafika kwenye mgongo, yakagawanyika.

"Ukiligusa," alisema, "namwita baba mkubwa."

Nikashuka.

Mvua ilikuja Jumapili tukiwa tumerudi kanisani. Bibi alikaa karibu na moto wake. Baba mkubwa alikaa kitandani, akatandaza kiganja chake juu ya blanketi, akabaki hivyo kama mtu anayepima joto la mgonjwa. Mimi nilisimama katikati ya chumba, sina beseni, sijui mikono niiweke wapi. Bati lilipiga kelele hadi hatukuweza kuongea. Baba mkubwa aligeuza kiganja. Kikavu. Akagusa papi juu ya mlango. Akagusa pembeni mwa dirisha.

Kisha motoni kukasikika *tss*.

Sote tukageuka. Tone lingine likashuka kupitia mdomo wa dohani, likaangukia kaa la moto. *Tss.*

"Hilo nalo?" aliuliza baba mkubwa.

Dohani haikuwa na kifuniko, haijawahi kuwa nacho, na mvua ile ilikuwa inanyesha wima. Nilianza kusema jambo fulani kuhusu kofia ya bati, kwamba naweza kuipima sasa hivi.

"Wewe nyamaza," bibi aliniambia. Akamtazama mwanawe. "Hilo ni tundu la moshi. Lina miaka mingi kuliko wewe. Unataka alizibe na hilo, tufe wote kwa moshi, ndipo uridhike?"

"Nilisema hata tone moja, mama."

"Ulisema. Sasa niambie mimi nimelowa wapi."

Baba mkubwa alikaa tena kitandani. Akaangalia miguu yake, akaangalia lile fundo la kanga. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, akaomba chai. Bibi akamwambia mdogo wangu afungue fundo atoe kanga ya kufutia vikombe.

Bibi yuko kwake hadi leo. Mkunjo uliopinda bado umepinda, na bado unaniudhi kila nikifika, lakini sijaugusa. Siku hizi nikiitwa kwenye nyumba inayovuja, sipandi na saruji wala silikoni. Nasubiri mvua, na isipokuwepo namwaga ndoo, halafu nakaa nje.