Kinanda Kisichochomolewa

Kitu cha umeme hakinunuliwi kikiwa kimezimwa. Ndiyo kanuni yangu ya udalali. Somanga nilikikuta kinachowaka, na biashara nikaikosa vilevile.

Maftaha ni fundi redio. Zamani alipiga kinanda kwenye bendi ya harusi. Siku hizi maharusi wanataka DJ na kompyuta yake, akaamua kuuza sinthesaiza, kile kinanda chake cha umeme, anunue mashine ya kuchomelea. Mteja nilishampata Lindi, Valerian wa kwaya. Alisema atanipigia kabla ya adhuhuri. Asiponipata, anachukua kingine.

Nilikikuta kimeungwa kwenye betri ya sola. Nikashika waya nijaribu umeme wa ukutani.

"Dada, usichomoe!" Maftaha akanidaka mkono. "Betri ya ndani imekufa. Kikizima tu, kumbukumbu yote inafutika. Kazi niliyoitunga miezi kumi na moja imo humo."

"Miezi kumi na moja analala na betri," mkewe Kijakazi akadakia toka jikoni. "Mie nalala na mto."

"Irekodi, basi, nichukue kinanda," nikamwambia. Simu yake ya kitochi, hairekodi. Nikatoa yangu, nikazima mtandao isiite katikati.

Akabonyeza, akakunja mikono. Mashine ikajipiga yenyewe, noti alizozipanga zikizunguka. "Ni sayari tatu. Zuhura ina noti nane," akanieleza kwa kunong'ona. "Mushtarii kumi na tatu. Zohali thelathini na moja. Zinaanza pamoja, zinaachana, zinakutana tena dakika ya thelathini na nane."

Nimeuza majenereta, mingurumo naijua. Hii ilikuwa nyingine. Zohali ilipopita, bati juu lilitetemeka, nami nikajiona punje ya ufuta kwenye ghala lisilo na paa. Kijakazi alisimama mlangoni, mwiko unadondosha uji. Zilipokutana zote tatu, nilisahau nilichofuata pale.

Nikawasha mtandao. Ujumbe wa Valerian: *Nimekupigia mara saba. Nimepata kingine.*

"Mteja kaondoka," nikasema.

Maftaha hakuuliza habari ya mashine ya kuchomelea. "Lakini umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Na uji wangu umeungua," Kijakazi akasema, ila hakuondoka mlangoni.

Nikamwambia Maftaha abadilishe kwanza betri ya ndani, ndipo bei ipande. Hiyo ni biashara. Mpaka leo hajabadilisha, nami sijamhimiza. Simu yangu imejaa, inakataa hata picha za bidhaa. Rekodi ile sijaifuta.